Je, Wajua? Dumu la Petroli Chini ya Jua la Utosi

Sogea hapa msomaji, leo nina mambo. Umeme unakatika mara kwa mara, jenereta iko uani, bodaboda imeegeshwa barazani, na pembeni pana dumu la petroli ya akiba. Unadhani unalijua dumu hilo? Haya, kaa vizuri, tuanze!

KINACHOWAKA NI KIPI?

Je, wajua kwamba petroli ya majimaji haiwaki? Kinachowaka ni mvuke wake, ule usioonekana unaopanda kutoka kwenye mafuta na kuchanganyika na hewa. Shika hilo kwa mikono miwili, maana maajabu mengi ya leo yanatoka hapo.

Je, wajua kwamba petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 43 chini ya sifuri? Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 tu chini ya sifuri. Samaki wako angekuwa jiwe, na petroli bado ingekuwa tayari kushika moto!

Unabisha? Panda nami Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, ambako baridi ya usiku inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Hata huko kileleni petroli ingewaka. Sasa hebu fikiria hali yake Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Na mafuta ya taa je? Yenyewe hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yafike nyuzi 38 hivi, na dizeli huvuka nyuzi 50. Kati ya petroli na mafuta ya taa kuna pengo la nyuzi zaidi ya 80! Ndiyo maana njiti ya kibiriti haiwi sawa mbele ya hayo mawili.

Je, wajua kwamba petroli kidogo tu ikiingia kwenye mafuta ya taa inalifuta pengo hilo? Asilimia chache zinatosha kuyafanya mafuta ya kibatari yawake kwa hasira ya petroli. Kwa hiyo dumu la petroli lisiwe hata siku moja dumu la mafuta ya taa, wala faneli isitumike kwa vyote viwili.

Hili litakushangaza: mvuke wa petroli una masharti yake. Ukiwa chini ya asilimia 1.4 ya hewa hauwaki, na ukizidi asilimia 7.6 hauwaki pia! Hatari yote imejibana katikati ya namba hizo mbili.

Basi jiulize, ndani ya dumu lililofungwa kuna nini? Kuna mvuke mwingi mno, umezidi kabisa ile asilimia 7.6, na moto hauna hewa ya kuvuta humo. Hatari inasubiri mdomoni, pale mvuke unapokutana na hewa ya nje.

Je, wajua kwamba kwenye magari mengi ya kisasa pampu ya umeme ya mafuta iko ndani ya tangi, imezama kwenye petroli yenyewe? Ndiyo, mota ya umeme ndani ya petroli! Inafanya kazi miaka na miaka kwa sababu humo ndani hakuna hewa ya kutosha kuwasha chochote.

Sasa geuza upande wa pili. Dumu tupu linaweza kuwa hatari kuliko dumu lililojaa! Matone machache yaliyobaki chini hutoa mvuke, hewa inaingia, na mchanganyiko unaangukia palepale kati ya 1.4 na 7.6.

Ndiyo maana mafundi wa kuchomelea wanaoanza kazi kwenye pipa lililowahi kubeba petroli bila kulisafisha kitaalamu wako hatarini sana. Pipa linaonekana kavu, kumbe limejaa mvuke. Ukimwona fundi anataka kuchomelea pipa la namna hiyo, mzuie kwanza, maelezo baadaye.

Je, wajua kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4? Haupandi darini. Unashuka na kutambaa sakafuni kama maji, unafuata mteremko, unapita chini ya mlango, unaingia chumba cha pili.

Na chini kuna nini nyumbani kwetu? Jiko la mkaa liko chini, kibatari kiko chini, mota ya friji iko chini! Dumu linakaa stoo, moto uko jikoni, na mvuke unasafiri kati yao bila kuonekana na yeyote.

Marekani walilijua hilo kwa uchungu, maana huko watu wengi huweka hita ya maji ya gesi na dumu la petroli katika gereji moja. Tangu mwaka 2003 hita mpya za gesi za majumbani zilianza kuwekewa kinga maalumu chini, ili mvuke ukitambaa na kushika moto, mwali usitoke nje. Hita nzima imebuniwa upya kwa sababu ya dumu la jirani yake!

Hebu kadiria: lita 1 ya petroli ikigeuka mvuke yote, unapata mvuke kiasi gani? Zaidi ya lita 150! Ukichanganyika sawasawa na hewa, mvuke huo unatosha kukifanya chumba cha mita za ujazo 10 kiwe tayari kulipuka.

Pua yako nayo ni ya ajabu. Inainusa petroli hata ikiwa chini ya sehemu 1 kati ya milioni 1 za hewa, wakati moto unahitaji sehemu 14,000. Kwa hiyo harufu ni onyo la mapema sana, litumie!

Lakini angalia, pua huchoka. Ukikaa na harufu hiyo dakika chache tu, ubongo unaacha kukuletea taarifa, nawe unadhani hewa imesafika. Aliyetoka nje akisema panatoa harufu ya petroli, mwamini yeye kuliko pua yako.

JOTO LINAFANYA NINI?

Je, wajua kwamba jua peke yake haliwezi kuiwasha petroli? Ili ijiwashe bila cheche, petroli inahitaji joto la nyuzi 250 na zaidi, na dumu lililoachwa juani halikaribii hata robo tatu za hapo. Kazi ya jua ni kuutoa mvuke nje, kisha kibiriti cha mtu ndicho kinamaliza.

Na hapa kuna kioja. Dizeli, ambayo kibiriti kinaishindwa, hujiwasha yenyewe kwa joto la chini kuliko petroli, karibu nyuzi 210! Ndiyo maana injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli, inabana tu hewa mpaka inachemka.

Umewahi kutumiwa ule ujumbe kwenye simu, kwamba msimu wa joto usijaze tangi la gari, litalipuka? Si kweli! Watengenezaji wa magari wameacha nafasi ya mafuta kutanuka, na mvuke una njia yake maalumu. Dumu lako ndilo halina ufundi huo.

Maana petroli hutanuka, tena sana. Jaza dumu la lita 20 alfajiri, liache juani lipate joto la nyuzi 20 zaidi, na petroli itaongezeka kwa karibu mililita 400. Hiyo ni zaidi ya chupa ndogo ya soda, imetokea bila mtu kuongeza tone!

Ndiyo maana kanuni ni kujaza asilimia 95 tu. Kwenye dumu la lita 20, ishia lita 19. Ile lita 1 ya nafasi tupu ndiyo inayolinda kifuniko, mshono na sakafu yako.

Je, wajua kwamba mvuke nao hauongezeki polepole? Petroli ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 40, nguvu ya mvuke wake huwa karibu mara mbili. Dumu linavimba tumbo, kifuniko kinakazwa kutoka ndani, na ukilifungua ghafla linapiga mluzi na kutema.

Kwa hiyo ukikuta dumu limevimba, tulia. Lipeleke kivulini mbali na moto wowote, liache lipoe, kisha legeza kifuniko taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, uso wako ukiwa pembeni. Usilitoboe hata kwa bahati mbaya!

Na gari lililofungwa juani? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima na kukuta joto la ndani linapanda kwa wastani wa nyuzi 22 ndani ya saa moja tu. Asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika dakika 30 za kwanza! Sasa weka dumu kwenye buti, ingia sokoni, halafu kutana na rafiki.

Ndugu zetu walioko Oman, hili ni lenu. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 saa zote 24, usiku ukiwemo! Mahali pa namna hiyo dumu la uani halipati hata saa moja ya kupumzika.

Je, wajua kwamba petroli ya kiangazi na petroli ya baridi si moja? Ulaya na Marekani, viwanda hubadilisha mchanganyiko kufuata msimu: ya baridi hutoa mvuke kwa wepesi ili injini iwake asubuhi, ya kiangazi hutulizwa. Dumu lililojazwa mwezi wa Januari na kusahaulika hadi Julai huko linabeba petroli iliyokosea msimu!

Siri ya petroli hiyo ya baridi ni butani, gesi ileile inayopatikana kwenye mitungi ya kupikia. Butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri! Imeyeyuka ndani ya petroli, inangoja joto kidogo tu iruke.

Kumbe petroli ni kundi zima. Ndani ya tone moja kuna mamia ya kemikali tofauti, nyepesi na nzito. Nyepesi ndizo zinazotoroka kwanza kifuniko kikiwa legelege, na ndizo hizohizo zinazosaidia injini kuwaka.

Je, wajua kwamba petroli huzeeka? Kwenye chombo kilichokwisha kufunguliwa, huhesabiwa miezi 6 kwa joto la nyuzi 20. Panda hadi nyuzi 30, joto la kawaida kabisa Mombasa, na umri huo unakatwa hadi miezi 3!

Petroli iliyozeeka hugeuka rangi, hunuka uchachu, na huacha utando wa kunata. Utando huo ndio unaoziba vitundu vya kabureta ya jenereta. Unamlaumu fundi, kumbe mkosaji ni dumu la mwaka jana.

Marekani petroli nyingi ina asilimia 10 ya ethanoli, na ethanoli inapenda maji kupita kiasi, hata unyevu wa hewani inaunywa. Maji yakizidi, ethanoli inajitenga na petroli na kuzama na maji hayo chini ya chombo. Juu petroli dhaifu, chini mchanganyiko wa maji, na injini inakataa vyote viwili!

Umeona yale matangi makubwa ya mafuta bandarini? Mengi yamepakwa rangi nyeupe, nayo si ya urembo. Nyeupe hurudisha miale ya jua, mafuta yanabaki na ubaridi, na mvuke unapungua.

Na baadhi yana paa linaloelea! Paa zima la chuma linakaa juu ya petroli, linapanda tangi likijazwa na kushuka likitolewa. Kwa nini? Ili pasiwe na nafasi tupu ya mvuke kukusanyika. Ajabu iliyoje hiyo!

Wako wanaonunua petroli alfajiri wakidhani ni nyingi zaidi kwa kuwa ina baridi. Matangi ya kituo cha mafuta yamezikwa ardhini, ambako joto la mchana na baridi ya usiku havifiki kwa urahisi. Lita ya saa 12 asubuhi na lita ya saa 8 mchana zinakaribia kabisa kuwa sawa, lala tu!

DUMU LENYEWE

Je, wajua kwamba petroli iliwahi kuwa takataka? Katika karne ya 19, viwanda vya Marekani vilitafuta mafuta ya taa tu, na petroli iliyotoka pembeni mara nyingi ilimwagwa. Kilichokuwa uchafu wakati ule leo mtu anakifungia kwa kufuli.

Na kituo cha kwanza cha mafuta duniani kilikuwa duka la dawa! Agosti 1888 Bertha Benz alikuwa njiani na gari la mumewe Carl, safari ya zaidi ya kilomita 100 nchini Ujerumani, mafuta yakamwishia. Akaingia duka la dawa mjini Wiesloch, akanunua kimiminika cha kuondolea madoa, akaendelea na safari.

Sasa dumu la chuma la lita 20, lile lenye mipini mitatu, umelitazama vizuri? Lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi, na karibu kila mkunjo wake una kazi. Ule msalaba uliobonyezwa ubavuni unaimarisha bati na kuliruhusu litanuke joto likipanda!

Mipini mitatu ya nini? Mtu mmoja hushika wa katikati, wawili wakibeba pamoja hushika ya pembeni, na madumu matupu mawili hubebeka kwa mkono mmoja. Askari walipokezana kwa mstari bila dumu kugusa chini.

Tena dumu hilo likijazwa petroli na kutupwa majini, linaelea! Petroli ni nyepesi kuliko maji, na chini ya mipini wamebakiza mfuko wa hewa. Mfuko huohuo ndio nafasi ya kutanukia wakati wa joto, kazi mbili kwa uwazi mmoja.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza kwenye jangwa la Afrika Kaskazini walikuwa na debe la bati jembamba. Lilivuja vibaya mno, hata jenerali wao Claude Auchinleck akakadiria kwamba asilimia 30 ya mafuta yalipotea njiani! Walipoyateka madumu ya Kijerumani, waliyatumia mara moja, kisha wakayaiga.

Rais Roosevelt wa Marekani alisema wazi mwaka 1944 kwamba bila madumu hayo majeshi yake yasingeivuka Ufaransa kwa kasi ile. Vita vilipoisha Ulaya, madumu ya namna hiyo yapatayo milioni 21 yalikuwa yametapakaa barani humo. Vita vikubwa, na dumu katikati yake!

Vipi lile dumu letu la njano, la mafuta ya kula? Lilitengenezwa kubeba mafuta ya kupikia, ambayo hayana mvuke wa kusukuma kifuniko. Lipe petroli juani, na kifuniko chake kinaanza kupumua.

Je, wajua kwamba petroli inaweza kupenya plastiki yenyewe, bila tundu lolote? Plastiki ya kawaida huipitisha kidogo kidogo ukutani, ndiyo maana stoo inanuka ingawa kifuniko kimekazwa. Madumu rasmi ya petroli hutiwa kinga maalumu ndani ya plastiki.

Marekani wameliwekea hilo kipimo. Tangu mwaka 2009 dumu jipya la petroli haliruhusiwi kupoteza zaidi ya gramu 0.3 kwa siku kwa kila galoni. Hiyo ni chini ya theluthi ya gramu 1!

Chupa ya maji ya kunywa nayo? Mvuke unaisumbua, jua linaipenya, na mtoto mwenye kiu anaiona ni chupa ya kunywa. Petroli ya chupa kando ya barabara ni ya kumwagwa kwenye tangi palepale, isipelekwe nyumbani kulala.

Lipo kopo la usalama lenye kifuniko cha springi. Mvuke ukizidi ndani, kifuniko kinajiinua chenyewe, kinauachia, kisha kinajifunga tena! Hakuna kuvimba, hakuna kupasuka.

Na mdomoni mwa kopo hilo mna wavu mdogo wa chuma. Mwali wa moto hauwezi kupita kwenye wavu huo, maana chuma kinaunyang'anya joto lake. Humphry Davy wa Uingereza alitumia ujanja huo mwaka 1815 kwenye taa za wachimba makaa ya mawe, na zaidi ya miaka 200 baadaye bado unaokoa maisha.

Je, wajua kwamba kuna nchi zenye sheria ya dumu? Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008 kwamba kifuniko cha dumu la petroli kiwashinde watoto wadogo kukifungua. Mwaka 2020 ikapitisha nyingine, dumu liwe na kizuizi cha mwali.

Rangi nazo zinasema. Marekani, dumu jekundu ni petroli, la bluu ni mafuta ya taa, la njano ni dizeli. Hata anayetafuta usiku kwa tochi hakosei!

Uingereza wanahesabu lita. Bila kuitaarifu mamlaka, nyumbani unaweza kuweka petroli lita 30 tu, na dumu la plastiki lisizidi lita 10, la chuma lisizidi 20. Angalia kwako, kisha hesabu.

Tena nikupe kipimo cha haraka. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20, la petroli lina kilo 15 tu. Ukiinua dumu ukalikuta jepesi isivyo kawaida, simama, linuse kabla ya kulisogeza jikoni.

CHECHE

Je, wajua cheche ndogo kiasi gani inatosha? Nguvu yake ni sawa na ya kuinua uzito wa gramu 1 kwa sentimita 2 na nusu tu! Cheche hiyo ni ndogo hata mwili wako usiweze kuihisi.

Nawe unaitengeneza mwenyewe. Kushuka kwenye kiti cha gari kunaweza kukujaza maelfu ya volti za umeme tuli, hasa hewa ikiwa kavu na nguo zikiwa za nailoni. Gusa bodi la gari kwanza, mbali na mdomo wa tangi, umeme utoke.

Taasisi ya vifaa vya mafuta ya Marekani, PEI, ilikusanya taarifa za mioto zaidi ya 150 kwenye pampu iliyohusishwa na umeme tuli. Mingi ilianza baada ya mtu kurudi kukaa ndani ya gari mafuta yakiendelea kuingia, kisha akatoka na kushika bomba. Je, ni mingapi iliyothibitika kuwashwa na simu ya mkononi? Hakuna hata mmoja!

Sasa makosa makubwa ya dumu: kulijaza likiwa juu ya gari. Chini yake kuna zulia au plastiki, umeme tuli hauna njia ya kushuka, unajikusanya. Literemshe, liweke ardhini, gusisha bomba la pampu kwenye mdomo wa dumu muda wote, na jaza polepole.

Lile bomba la pampu, linajuaje tangi limejaa? Ncha yake ina kitundu kidogo kinachovuta hewa, na mafuta yakikiziba, mvuto unabadilika na kukata kwa kishindo. Hakuna umeme wala kompyuta humo! Likikata, usibembeleze matone zaidi.

Na jenereta iliyotoka kuzimwa je? Bomba lake la moshi lina mamia ya nyuzi za joto, linaweza kupita zile 250 za petroli kujiwasha. Hapo hata cheche haihitajiki! Subiri dakika 15 angalau, kahawa itanyweka.

IKIMWAGIKA

Moto wa petroli na ndoo ya maji, nani mshindi? Moto! Petroli inaelea juu ya maji, na maji yanaibeba ikiwaka kuipeleka kwenye pazia. Tumia mchanga, blanketi zito, au mtungi wa kuzimia moto wa unga au povu.

Petroli chakavu usiimwage mferejini. Aprili 22, 1992, mjini Guadalajara nchini Mexico, petroli iliyovuja kwenye mabomba ya majitaka ililipuka na kubomoa takriban kilomita 8 za mitaa. Zaidi ya watu 200 walifariki, na siku kadhaa kabla yake wakazi walikuwa wakilalamikia harufu.

Na dumu kubwa likijaa kupita kiasi? Kwenye ghala la mafuta la Buncefield, Uingereza, Desemba 11, 2005, kipimo cha tangi kilikwama, petroli ikafurika, wingu la mvuke likatanda. Mlipuko wake ulipimwa na mitambo ya matetemeko ya ardhi kuwa sawa na tetemeko la ukubwa wa 2.4!

Hapa tuinamishe vichwa kidogo. Agosti 10, 2019, eneo la Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakaja na madumu kuchota. Zaidi ya 100 walipoteza maisha. Penye petroli iliyomwagika, mkimbize mwenzako, usimwite.

Je, wajua kwamba kunyonya petroli kwa mpira ni kuchezea mapafu? Kiasi kidogo sana kikiteleza kwenda kifuani kinaweza kuleta nimonia kali. Na mtoto akiinywa, msimtapishe kabisa, maana inaporudi juu ndipo inapoingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali.

Nguo iliyolowa petroli ni utambi uliovaliwa. Kaa mbali na moto, ilowanishe maji kwanza, ndipo uivue, kisha oga kwa maji na sabuni. Iache ikauke nje kabisa kabla ya kuifikiria pasi.

Na nguvu iliyomo? Lita 1 tu ina nishati ya kuwasha taa ya wati 10 kwa zaidi ya siku 35 mfululizo. Kilo kwa kilo, petroli ina nishati mara 10 ya baruti ya TNT, ila yenyewe lazima ipate hewa ya kuwakia. Mnyime hewa, mnyime joto, mnyime cheche, na jitu hilo linalala.

Basi liweke wapi? Nje ya nyumba ya kulala, kivulini, penye upepo, chini, limefungwa kwa nguvu, mbali na jiko na watoto. Liandike jina kubwa: PETROLI. Na tarehe uliyonunua, usisahau!

Na la mwisho kabla hujanyanyuka. Ghala bora la petroli lililo karibu nawe limezikwa ardhini, lina ubaridi, lina njia ya mvuke na walinzi usiku kucha, nalo ni tangi la kituo cha mafuta. Nunua lita za wiki hii tu, na za wiki ijayo waachie wao wakutunzie!